Mwana wa Hawa

Muulize mzee wa Delta jina la mama aliyemzaa bibi yake. Atakupa kila kitu isipokuwa hilo jina. Alikuwa mtu wa Mbwera, akaolewa upande wa Nyamisati, alizaa wanne wakafa wawili, mwembe ule pale ni wake. Jina? "Sisi tulimwita Bibi tu."

Anayetafuta nasaba yake katika Delta ya Rufiji, au huku nchi kavu Kibiti, hukwama hapo, kizazi cha tatu au cha nne. Wengi huandika "hajulikani" wakafunga daftari. Wanamdhulumu marehemu. Mtu ambaye mwembe wake bado unaliwa anajulikana. Kilichopotea ni jina.

Na jina halikupotea kwa uzembe. Lilifichwa kwa adabu. Mke hakumtaja mkwewe kwa jina. Mtoto akirithi jina la babu mzaa baba, mama yake aliona haya kulitamka, akamwita "Babu" au "Baba", na mtaa mzima ukafuata. Mwanamke mwenyewe alianza kama binti fulani, kwa jina la baba yake. Akizaa akawa mama fulani, kwa jina la mwanawe. Aliweza kufika uzeeni hajaitwa jina lake mwenyewe ila na somo wake na wachache waliomzidi umri. Hao wakizikwa, wamekwenda nalo.

Kwa wanaume kuna mtego mwingine. Kijana aliyetoka jandoni alirudi nyumbani na jina jipya, na kumwita kwa lile la utotoni ilikuwa kumvunjia heshima. Ndiyo maana daftarini unaweza kuwa na ndugu wawili, mmoja kaelezwa na shangazi na mwingine kaelezwa na mjomba, kumbe ni mtu mmoja kabla ya jando na baada ya jando.

Yapo pia majina yaliyokatwa kwa nguvu. Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mkataba wa 1873 wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, misafara ya Kilwa iligeukia njia ya nchi kavu kwenda kaskazini, ikivuka Rufiji, hata alipoipiga marufuku nayo mwaka 1876. Aliyenunuliwa alipachikwa jina na bwana wake. Mzee akifika kwa babu wa namna hiyo hushusha sauti na kusema, "Huyo alikuwa mtu wa kuja." Usimbane. Andika hayo hayo aliyosema.

Halafu serikali ikawahamisha watu wa bondeni baada ya mafuriko ya 1968, wakapandishwa vijiji vya ujamaa. Madungu, miembe na makaburi vikabaki chini. Kaburi lisilopitiwa na mtu kila siku halina wa kuuliza la nani.

Lakini dini iliyokuta mila hizi ilikwisha kulifikiria tatizo lenyewe. Maiti akishafukiwa, mwalimu huketi kichwani pa kaburi akasoma talkini, akimwita marehemu kwa jina lake na la mama yake. Wapo masheikh wanaoipinga, lakini pwani yetu imeizoea. Na kama jina la mama halijulikani? Maiti haachwi bila kuitwa, wala hatungiwi mama. Anaitwa mwana wa Hawa.

Sijaona kanuni ya kuandika nasaba inayoizidi hiyo. Jina likikosekana, panda hadi kwa mtu unayemjua kwa yakini, umfunge marehemu hapo: "mama wa bibi mzaa baba, wa Mbwera, mwenye mwembe". Mwaka ukikosekana, shika tukio. Aliyezaliwa "wakati wa manowari" anakupeleka kwenye Königsberg, meli ya Wajerumani iliyojificha Delta ikaishia humo Julai 1915.

Usichopaswa kufanya ni kubuni. Programu za simu za kuchora ukoo zina kisanduku cha jina, na mkono huwasha kukijaza. Kijana anaandika Fatuma ili apite mbele. Baada ya miaka ishirini huyo Fatuma ana wajukuu wanaomwombea dua, na yule bibi wa Mbwera kafa mara ya pili. Mahali patupu pakiandikwa wazi kwamba ni patupu, mjukuu mwingine atapatafuta. Pakizibwa, nani atahangaika?

Wewe unayesoma haya, kama mama yako au shangazi yako yu hai, mpigie leo umuulize jina la mama yake, lile alilopewa siku ya saba. Siku ya maziko mwalimu atageuka kuwaangalia nyinyi, na swali lake litakuwa hilo hilo.