Umeme upo, mbona jikoni bado mkaa?

Ukitaja nishati Tanzania, wengi wanawaza TANESCO na LUKU. Kumbe umeme ni sehemu ndogo tu. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati inayotumika nchini ni kuni na mkaa, na kazi yake kubwa ni kupika. Petroli na dizeli zinafuata, na zote zinaletwa kwa meli.

Umeme wenyewe siku hizi si haba. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay inaongezea.

Sasa nishati inapotea wapi? Watu hulalamikia taa zinazowaka mchana, na kweli nyaya nazo hupoteza umeme njiani. Lakini hasara kubwa iko porini. Tanuru la udongo la kienyeji linaweza kumeza kilo 7 hadi 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya mkaa. Kilo ya mkaa ina joto karibu mara mbili ya kilo ya kuni, kwa hiyo piga hesabu: zaidi ya theluthi mbili ya joto la ule mti imeshapotea kabla gunia halijapakiwa kwenye pikipiki kwenda mjini.

Ukifika nyumbani, jiko la bati tupu linapoteza tena. Na anayenunua mkaa kwa kopo hulipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye hela ya gunia zima.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya gesi inapigiwa debe sana, ingawa gesi hiyo inaagizwa kutoka nje. Siyo ile ya Mnazi Bay, kama wengi wanavyodhani.

Umeme je? Sufuria la maharage kwenye jiko la presha la umeme halimalizi uniti 1. Kwa wateja wa daraja la chini, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Hapo mkaa haufui dafu. Kikwazo ni bei ya jiko lenyewe, na hofu ya kuvuka zile 75, maana uniti ya 76 inaruka hadi shilingi 350.