Timu Ndogo Iliyokataa Kufutwa

Leo tunawaeleza habari za mchezo wa raga, na habari za timu moja ya huko Ireland inayoitwa Connacht. Tumeichagua timu hii kwa sababu mwaka 2003 viongozi wa mchezo walifikiria kuifuta, na wapenzi wake wakakataa.

Ireland iko wapi?

Ireland ni kisiwa cha Ulaya, magharibi ya Uingereza. Tangu zamani kisiwa hicho kina majimbo manne. Ulster iko kaskazini, Leinster mashariki, Munster kusini, na Connacht magharibi. Kwa upande wa serikali kisiwa kimegawanyika sehemu mbili: Jamhuri ya Ireland, na Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza. Lakini kwa upande wa raga, chama ni kimoja tu. Kila jimbo lina timu yake. Wachezaji bora wa majimbo yote manne huchaguliwa kuunda timu moja ya taifa.

Connacht ndilo jimbo lenye watu wachache kuliko yote. Ardhi yake ina mawe mengi, na kwa miaka mingi vijana wake walihama kwenda kutafuta kazi mbali.

Raga inachezwaje?

Kila timu ina watu 15. Mchezo ni wa dakika 80, na katikati kuna mapumziko. Mpira wenyewe si wa duara, una umbo kama la yai. Mchezaji anaruhusiwa kuubeba mikononi na kukimbia nao. Lakini akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, ni lazima aurushe pembeni au nyuma. Kuurusha mbele ni kosa. Anayetaka kuupeleka mbele bila kuubeba, basi aupige teke.

Mchezaji akivuka mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugusisha mpira chini, timu yake inapata trai. Trai moja ni pointi 5. Baada ya hapo wanapiga teke. Mpira ukipita katikati ya milingoti, juu ya mti wa kulala, wanaongezewa pointi 2. Teke la adhabu likipita hapo ni pointi 3.

Uwanja wa nyumbani

Uwanja wa Connacht uko katika mji wa Galway. Kwa miaka mingi uliitwa Sportsground, yaani uwanja wa michezo tu. Raga haikuwa peke yake hapo. Kuuzunguka uwanja kulikuwa na njia ya mashindano ya mbwa, wale mbwa wembamba wenye mbio kali. Kwa hiyo watazamaji wa raga walikaa mbali kidogo na wachezaji, njia ya mbwa ikiwa katikati yao.

Galway iko karibu na bahari ya Atlantiki. Upepo wa huko si mchezo, na mara nyingi huja pamoja na mvua. Hebu tuangalie upepo huo unafanya nini. Timu inayosukumwa na upepo hupiga mateke marefu na kupata pointi kwa urahisi. Timu inayoukabili ikipiga teke la juu, mpira husimama hewani, pengine hurudi nyuma. Basi timu hiyo hulazimika kuushika mpira mkononi na kwenda nao polepole. Baada ya mapumziko timu hubadilishana pande, na kila mmoja anapata zamu yake. Wageni wengi wamesumbuliwa na upepo huo. Wenyeji wameuzoea.

Fedha zilipopungua

Zamani wachezaji wa raga hawakulipwa mishahara. Mwaka 1995 viongozi wa mchezo huo duniani waliruhusu malipo. Chama cha Ireland kikawa na timu nne za kulipa. Gharama zikapanda, na hesabu zikaonyesha hasara. Mwezi Januari 2003 ikafikiriwa kuifuta timu moja ili kupunguza matumizi.

Kwa nini Connacht? Watu wake wachache, watazamaji wake wachache, na vikombe haikuwa navyo. Ukitazama hesabu peke yake, unaona walikuwa na sababu. Hasara ilikuwa ya kweli.

Lakini wapenzi wa Connacht walitazama upande mwingine. Timu ya jimbo ni ngazi. Mtoto wa magharibi anaanza shuleni, anaingia klabu, halafu timu ya jimbo, na mwisho timu ya taifa. Ukiiondoa ngazi hiyo, mtoto huyo atapanda wapi? Tena timu ilikuwa ikipewa fedha kidogo kuliko wenzake. Je, ni haki kumpa mtu jembe bovu, halafu kumlaumu kwa mavuno haba?

Wakakusanyika Dublin, mji mkuu ulio kiasi cha kilomita 200 kutoka Galway. Wakaandamana mpaka kwenye ofisi za chama. Baadaye chama kikatoa uamuzi: Connacht isifutwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Miaka 13 baadaye

Mambo hayakunyooka siku ile ile. Timu iliendelea kushindwa mara nyingi. Lakini tarehe 28 Mei 2016, Connacht ilicheza fainali ya ligi mjini Edinburgh, Skotilandi. Wapinzani wao walikuwa Leinster, timu kubwa ya Dublin. Connacht ikashinda kwa 20 kwa 10. Ilipata trai 3, yaani pointi 15, na pointi 5 kwa mateke. Trai moja ilifungwa na Niyi Adeolokun, kijana aliyezaliwa Nigeria na kukulia Ireland. Nahodha alikuwa John Muldoon, mzaliwa wa jimbo hilo hilo. Aliichezea Connacht mechi 327 mpaka alipostaafu mwaka 2018. Kama timu ingefutwa mwaka 2003, mechi hizo angezichezea wapi?

Uwanja nao umebadilika. Mwaka 2018 uliwekewa nyasi za bandia, maana tope lilikuwa likiwasumbua. Mwaka 2024 ukapewa jina la Dexcom, kampuni inayotengeneza vyombo vya kupima sukari mwilini. Upepo, lakini, ni ule ule.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini viongozi walifikiria kuifuta Connacht?
2. Fedha zikipungua katika chama chenu, mtajuaje kipi kipunguzwe na kipi kiachwe?
3. Timu imepata trai 2, mateke yote mawili baada ya trai yamepita, na imepata teke 1 la adhabu. Ina pointi ngapi?