Je, Wajua? Kupe wa Majanini na Papasi wa Nyumbani

Je, wajua kwamba katika nyanda za juu za Buha, kuanzia Kasulu hata Kibondo, msafiri hana budi kujihadhari na maadui wawili walio wa jamaa moja?

Kupe hungoja juu ya ncha ya jani, amenyoosha miguu ya mbele, hata apite ng'ombe au mwanadamu apate kumdandia; kwa sababu hiyo mwenye kupita malishoni na achomeke suruali ndani ya soksi, na arejeapo ajikague makwapani, kinenani na nyuma ya masikio. Akimwona, amshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, amvute taratibu moja kwa moja, wala asimpake mafuta wala kumchoma moto.

Papasi, naye, hushinda mchana katika nyufa za sakafu ya udongo, na usiku hutoka kumnyonya aliyelala, kisha hurejea mafichoni. Na aweza kuishi miaka kadhaa pasipo chakula. Huambukiza homa ya papasi, ipandayo, ikatulia siku kadhaa, kisha ikarudi. Mwaka 1905 tabibu Mwingereza Joseph Everett Dutton, akiyachunguza maradhi hayo Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alifariki kwa homa hiyo hiyo, na vijidudu vyake, Borrelia duttonii, vikaitwa kwa jina lake.

Basi kitanda na kiinuke, kiwe mbali na ukuta, chandarua kichomekwe, na nyufa zizibwe. Na mwenye homa ijayo na kurudi asikawie kufika zahanati.