Pingili Mbili Mbili

Wanangu, hadithi ya leo ina mbwa, ina mkojo, na ina kijana wa Kijerumani aliyekuwa na swali lililowashinda wakubwa zake. Sogeeni. Ni hadithi ya kweli, na jambo linalosimuliwa ndani yake linatendeka miilini mwenu hivi sasa mlivyokaa.

Kijana huyo aliitwa Franz Knoop. Mwaka 1904 alikuwa mjini Freiburg, kusini mwa Ujerumani. Wataalamu wa wakati ule walikwisha kujua kwamba mafuta tunayokula huchomwa mwilini yakatupa nguvu na joto. Walijua pia yameundwa na nini: asidi za mafuta, yaani minyororo mirefu ya kaboni, kila moja imeshikamana na mwenzake. Kilichokuwa gizani ni namna mnyororo huo unavyovunjwa. Unapasuka ovyo? Unakatwa katikati? Unaliwa kaboni moja moja? Hakuna aliyeweza kuchungulia ndani ya mnyama aliye hai akaona.

Ufikirieni mnyororo huo kuwa muwa, na kila kaboni kuwa pingili moja. Mtu yuko ndani anaukata, mlango umefungwa, nawe uko nje unataka kujua anakata pingili ngapi kwa mara moja. Utafanyaje? Knoop alitia alama kwenye ncha ya muwa. Alichukua asidi za mafuta, akazishikiza mwishoni kipande cha kemikali kiitwacho fenili, ambacho mwili hauwezi kukichoma. Akawalisha mbwa, akangoja, akakusanya mkojo wao. Alama ilipotoka, ilitoka pamoja na kile kilichobaki cha muwa.

Alipowapa mbwa mnyororo wenye idadi witiri ya kaboni, tatu au tano, alama ilitoka ikiwa na kaboni moja. Alipowapa wenye idadi shufwa, kwa mfano nne, alama ilitoka na kaboni mbili.

Kaeni kidogo na hesabu hiyo kabla sijaendelea, maana ndiyo roho ya hadithi nzima. Chukua tano, ondoa mbili, ondoa tena mbili: inabaki moja. Chukua nne, ondoa mbili: zinabaki mbili, na hizo hazikatiki kwa sababu alama imekaa pale pale pa kukatia. Kama mwili ungekuwa unakula kaboni moja moja, alama zote zingetoka na mabaki yaliyo sawa. Hazikutoka sawa. Basi mwili hukata mbili mbili, ukianzia upande usio na alama. Knoop hakuwa na kifaa cha kuionyesha kaboni hata moja, lakini alijua kilichotendeka ndani ya seli za mbwa wake kana kwamba alikuwepo. Katika uchunguzi wote wa mwili ninaoujua, ni mchache unaonifurahisha kama huu, kwa sababu hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuurudia kwa karatasi na penseli.

Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya kujulikana ukataji huo unafanyika wapi. Mwaka 1948 na 1949, Eugene Kennedy na Albert Lehninger wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakitumia maini ya panya, walionyesha kuwa kazi hiyo hufanyika ndani ya mitokondria, vile vijisehemu vidogo vya seli vinavyotengeneza nguvu. Naye Feodor Lynen wa Munich akatambua mwaka 1951 kwamba vile vipande vya kaboni mbili havitupwi huru, bali kila kimoja hushikwa na kibebaji kiitwacho koenzaimu A. Kwa kazi hiyo na nyinginezo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964, pamoja na Konrad Bloch.

Sasa tufuate mnyororo mmoja toka mwanzo. Tuchukue asidi ya palmitiki, ambayo ni nyingi sana katika mawese. Ina kaboni 16. Umekula wali na maharage yaliyoungwa kwa mawese, mwili ukatumia ulichohitaji na kilichozidi ukakiweka akiba katika seli za mafuta. Humo asidi hizi hukaa tatu tatu, zimefungwa kwenye kemikali iitwayo gliseroli. Siku mwili unapozihitaji, vimeng'enya huzifungua. Mafuta hayayeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo asidi husafiri zikiwa zimeshikwa na protini ya damu iitwayo albumini. Zikifika kwenye msuli huingia katika seli, lakini kuingia katika seli hakutoshi. Mnyororo mrefu hauruhusiwi kupita wenyewe hadi ndani ya mitokondria. Lazima uvushwe na kemikali iitwayo kanitini. Ndipo ukataji huanza. Kaboni 16 hukatwa mara 7, vikatoka vipande 8 vya kaboni mbili mbili. (Hesabuni wenyewe kwa nini ni mara 7 na si 8.) Vipande hivyo huchomwa hadi mwisho kwa oksijeni mnayovuta, nguvu yake ikahifadhiwa katika molekuli ambazo misuli inaweza kuzitumia papo hapo, na mabaki yakawa vitu viwili tu: hewa ukaa na maji.

Na hapo panatoka swali ambalo hata watu wazima hulijibu vibaya. Mtu akipungua kilo kumi za mafuta, mafuta hayo yamekwenda wapi? Wengi husema yamegeuka nguvu, wengine yametoka kwa jasho, wengine chooni. Mwaka 2014, Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia waliifanya hesabu hiyo kwa makini wakaichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza. Katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni kama hewa ukaa, na kilo 1.6 zinazobaki hutoka kama maji. Sehemu kubwa ya mafuta hupumuliwa! Msikimbilie kuhema haraka haraka, mtapata kizunguzungu bure; mwili hautengenezi hewa ukaa zaidi mpaka misuli ifanye kazi zaidi. Lakini sasa mnajua la kumwambia kaka yenu anayekimbia juani amevaa sweta zito akidhani kila tone la jasho ni tumbo linaloyeyuka. Jasho hilo ni maji, atayanywa tena akifika nyumbani, na joto hilo linaweza kumwangusha. Vivyo hivyo zile chai na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kuchoma mafuta ya tumbo usiku umelala. Nawasihi msivitumie. Muuzaji hajui kilichomo, na ini lako ndilo litakaloumia.

Ila usiku umelala kweli mafuta yanaungua, bila kidonge chochote. Moyo wako wenyewe hupata zaidi ya nusu ya nguvu zake kutokana na asidi za mafuta, usiku na mchana.

Nani huamua lini asidi hizo zifunguliwe? Zaidi ya wote ni insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho. Ukila, sukari hupanda katika damu, insulini hupanda nayo, na seli za mafuta huambiwa: wekeni, msitoe. Usipokula kwa muda, insulini hushuka na asidi za mafuta huachiwa. Tazameni Ramadhani, mnayoijua hata kama hamfungi, maana futari ya jirani huwafikia. Aliyekula daku kabla ya alfajiri huanza siku akitumia chakula hicho, kisha sukari iliyohifadhiwa katika ini, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 100 tu. Kadiri jua linavyopanda akiba hiyo hupungua, na mafuta hubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi. Chembe nyekundu za damu haziwezi kuyachoma mafuta hayo, kwa kuwa hazina mitokondria. Zenyewe huishi kwa sukari tu. Ubongo nao hauzichomi asidi za mafuta, kwa hiyo njaa ikirefuka ini hugeuza sehemu ya vile vipande vya kaboni mbili kuwa ketoni, ambazo ubongo unazikubali. Magharibi ikifika, tende mbili tatu, insulini inapanda, na utoaji wa mafuta unatulia.

Kwenda na kurudi huko, sukari kisha mafuta, mafuta kisha sukari, ndiko kwenye siri ya kile madaktari wanachokiita afya ya umetaboli. Mwili wenye afya hubadilisha kwa wepesi. Taabu huanza unaposhindwa kubadilisha. Seli za mafuta zikijazwa mwaka hadi mwaka, mafuta huanza kukaa pasipo pake, katika ini na misuli, na viungo hivyo vikaacha kuisikia insulini vizuri. Kongosho huongeza insulini, halafu huzidiwa, na sukari hubaki juu katika damu. Hiyo ndiyo njia ya kuelekea kisukari cha aina ya pili, na inasikitisha kwamba siku hizi hata vijana wadogo wanapitia humo. Simlaumu mtoto hata mmoja. Soda ikiwa mkononi, skrini mbele ya macho, na uwanja wa kuchezea umejengwa maduka, hakuchagua yeye.

Lakini uwezo wa kuchoma mafuta unaweza kujengwa, maana mitokondria huongezeka. Mwaka 1967 John Holloszy, mtafiti wa St. Louis nchini Marekani, alichapisha matokeo ya panya aliowafundisha kukimbia kwa wiki kadhaa kwenye mkanda wa mashine. Uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni ulipanda takriban mara mbili. Kwa binadamu pia imeonekana: msuli unaotumika siku baada ya siku hujijengea mitokondria zaidi na kuchoma mafuta vizuri zaidi. Kutembea kwenda shule, kuruka kamba, kucheza mpira hadi mama aite, vyote vinahesabiwa. Ninyi mnaokua hamna haja ya kujinyima chakula. Mifupa na ubongo wenu vinajengwa kwa hicho mnachokula.

Nina la mwisho, nalo ni zito kidogo. Itakuwaje kama insulini haipo kabisa? Hutokea. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwapata watoto na vijana, kinga ya mwili huziharibu seli zinazoitengeneza. Hapo mafuta hutolewa bila kipimo, ini likatengeneza ketoni kupita kiasi, na damu ikageuka kuwa na asidi nyingi. Mtoto huona kiu isiyokatika, hukojoa mno, hukonda ilhali anakula, hutapika, na pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva sana. Mkiona hivyo kwa ndugu au rafiki, msingoje kesho. Apelekwe hospitali apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Leonard Thompson alikuwa na miaka 14 alipolazwa Toronto, Kanada, akiwa na hali hiyo, amebaki ngozi na mifupa. Enzi zile dawa haikuwepo. Watoto kama yeye walipewa chakula kidogo mno ili wasogeze siku. Tarehe 11 Januari 1922 alichomwa sindano ya majimaji yaliyotolewa katika kongosho la ng'ombe. Haikumsaidia sana, maana dawa ilikuwa chafu. Mwanakemia James Collip akaketi kuisafisha usiku na mchana, na tarehe 23 Januari Leonard akachomwa tena. Sukari katika damu yake ikashuka na ketoni zikatoweka. Kijana akaanza kupata nguvu, akarudi kwao, na akaishi miaka 13 zaidi.