Kipa Hapikwi kwa Msimu Mmoja

Septemba 2016 Yanga ilifika Uwanja wa Kambarage, Shinyanga, ikiwa bingwa mtetezi, ikafungwa 1-0 na Stand United. Benchi la Yanga lilikuwa chini ya Mholanzi Hans van der Pluijm, kocha aliyeipa klabu hiyo ubingwa wa 2014/15 na 2015/16. Kabla ya ukocha, Pluijm alikuwa kipa. Alidakia FC Den Bosch, klabu ya kusini mwa Uholanzi, na baadaye akaifundisha klabu hiyohiyo. Barani Afrika alipita Ashanti Gold na Medeama, timu za miji ya dhahabu ya Ghana, kabla ya kutua Jangwani, makao ya Yanga.

Katika wasifu huo, kinachopaswa kuwagusa watu wa Shinyanga na Geita ni Den Bosch: klabu ya kawaida, isiyo na makombe makubwa, ambako kipa aliweza kukaa mpaka akakomaa. Ukanda wetu wa madini umewapa makipa wake fedha. Muda haujawapa.

Tuanze na kazi yenyewe. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa hufika langoni kwa takriban sekunde 0.4, kwa hiyo kipa anayesubiri kuona ulikoelekea amekwisha kuchelewa. Anachosoma ni mwili wa mpigaji: mguu wa egemeo umeelekea wapi, nyonga imefunguka kiasi gani. Krosi nayo inamtaka aamue mara moja, atoke au abaki; kipa mchanga mara nyingi huishia katikati, na bao linaingia juu ya mikono yake. Ongeza uwanja mkavu wa kiangazi, ambapo shuti la chini hudunda mbele yake na kubadili mwelekeo. Tena tangu 1992, sheria ilipomkataza kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake, anatakiwa acheze kwa miguu pia, huku mshambuliaji akimkimbilia.

Mambo haya hayaishii mazoezini. Yanataka mechi nyingi, na makosa yakiwemo. Ndiyo sababu makipa huchelewa kuiva na huchelewa kustaafu. Jan Jongbloed alilinda lango la Uholanzi katika fainali ya Kombe la Dunia 1974 akiwa na miaka 33, akarudi katika fainali ya 1978 akiwa na 37. Edwin van der Sar alikuwa na miaka 37 pia alipopangua penalti ya Nicolas Anelka mjini Moscow mwaka 2008 na kuipa Manchester United ubingwa wa Ulaya. Kwetu, Septemba 2019, Taifa Stars ilipofika kwenye matuta dhidi ya Burundi kuwania kufuzu Kombe la Dunia, langoni alisimama Juma Kaseja wa KMC, mwenye miaka 34. Stars ikashinda matuta 3-0.

Sasa tazama klabu zetu. Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi, ilicheza Ligi Kuu kuanzia 2014/15, ikapata udhamini wa Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Udhamini haukudumu, na mwaka 2019 timu ikashuka. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi wa Kishapu, ilipanda 2015 ikashuka 2021. Geita Gold ilipanda mwaka huohuo wa 2021, ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza na kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 nayo ikashuka.

Mshambuliaji anaweza kunufaika hata na safari fupi ya namna hiyo. George Mpole alifunga mabao 17 akiwa Geita Gold msimu wa 2021/22, akawa mfungaji bora wa ligi, kisha akapata timu Kongo. Kipa hana njia hiyo. Timu huchezesha washambuliaji wawili au watatu, lakini lango ni la mtu mmoja. Timu ikishuka, anakwenda kugombea nafasi ambayo tayari ina mwenyewe. Na klabu kubwa zinapotaka kipa aliyekwisha kuiva, humfuata nje: Yanga ilimleta Djigui Diarra kutoka Mali mwaka 2021, Simba ikamleta Moussa Camara kutoka Guinea mwaka 2024.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kocha wa makipa apewe mkataba usiovunjika kwa sababu timu imeshuka au kocha mkuu amefukuzwa. Kipa wa pili apelekwe kwa mkopo kwenye timu ya Championship au First League akadake kila wiki, badala ya kuota benchi msimu mzima. Na kijana wa miaka 20 akifungwa bao la kizembe, arudishwe langoni mechi inayofuata.

Wadhamini wa madini ndio wangepaswa kuelewa hili kabla ya wengine. Hakuna kampuni inayochoronga mwamba Januari ikitarajia kuuza dhahabu Juni. Hutumia miaka ya utafiti kabla ya kupata hata gramu moja. Siku wakisaini udhamini wa timu kwa hesabu hiyohiyo ya miaka, kipa wa Taifa Stars anaweza kutokea Nyankumbu ya Geita au Kambarage ya Shinyanga.