Gita Lenye Mkwaruzo Si Bovu

Mtoto amekuganda akitaka gita, nawe mfuko hauruhusu. Mzazi mwenzangu, muulize mwenye duka kama analo lililokwaruzwa safarini au lililochujuka rangi kwa kukaa dirishani. Hayo huuzwa kwa bei ya chini, na mkwaruzo wa rangi hauharibu sauti.

Cha kuchunguza ni shingo. Fumba jicho moja uitazame kwa urefu, kama seremala apimavyo ubao. Imejipinda? Liache. Ufa pale kichwa kinapoungana na shingo ni hasara tupu, hata ukipakwa rangi. Kisha bonyeza kila uzi kwenye chuma cha 12: sauti iwe ile ile ya uzi usiobonyezwa, ila nyembamba zaidi.

Risiti nayo iandikwe wazi: dosari ni ya rangi tu.