Kivumbasi na Adui wa Usiku



Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wareno walishusha majeshi Palma, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, wakiazimia kuvuka mto Ruvuma na kuwapiga Wajerumani. Katika vita vile maradhi yaliwaua askari wa Kireno wengi zaidi kuliko risasi, na malaria ilikuwa miongoni mwake. Adui huyo yungali hai. Hadi leo Msumbiji ni mojawapo ya nchi anazoziumiza sana duniani.

Wazee wa pwani hii ya Afrika Mashariki wanao mmea wa kumkabili mbu. Nao ni kivumbasi, wa ukoo mmoja na mnanaa na mrehani. Huota chenyewe mabondeni, kandokando ya mito na katika mashamba yaliyoachwa, na huishi miaka mingi. Majani yake yakifikichwa hutoa harufu kali, kwani yana mafuta ambayo mara nyingi huwa na yujinoli, ile ile inayoipa karafuu harufu yake. Mbu huichukia. Ndiyo maana watu huning'iniza matawi chumbani, au huyatia motoni yafuke moshi.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kivumbasi hufukuza mbu, hakiwamalizi. Harufu yake hupungua kadiri saa zinavyopita. Tena mabonde yanayokistawisha ndiyo yenye madimbwi anamozaliwa mbu, hivyo anayekwenda kukikata magharibi huenda akaumwa kabla hajarejea. Moshi nao haumfai aliye lindoni, kwa kuwa humfichua kwa adui mwingine.

Mbu wa malaria huuma hasa usiku. Basi anayelala na alale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, hata kama matawi yananing'inia dirishani. Aliye lindoni na avae mikono mirefu, ajipake dawa ya kufukuza mbu. Wala maji ya kivumbasi yasinywewe badala ya tiba. Mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, na akikutwa na malaria amalize dozi yake yote.

Makamanda wanaokagua bunduki kila asubuhi wakague na vyandarua. Kivumbasi ni msaidizi wa chandarua, si badala yake.